Breki ya mguu haiwashi taa ya nyuma, ya mkono inawasha. Swichi naweza kubadilisha mwenyewe nyumbani?

boda_wa_mambrui
Salaam aleikum wadau. Nina pikipiki ya cc 150, breki ya nyuma ni ya dramu, nabeba abiria Mambrui na Malindi mjini. Nikikanyaga breki ya mguu taa ya nyuma haiwaki kabisa ila nikishika ya mkono inawaka vizuri tu, na breki yenyewe inashika haina neno. Kinachonikosesha raha ni usiku, ile barabara ya Gongoni ina malori ya chumvi yanakuja nyuma yako mbio na mimi nikitaka kushukisha mtu natumia mguu zaidi, sasa huyo dereva atajuaje kama napunguza? Kuna fundi kaniambia waya zote za nyuma zibadilishwe na bei aliyonitajia si ya mchezo. Mimi nashuku ile swichi ndogo ya kwenye pedali. Nina spana, pulaizi na bisibisi, inawezekana ama nipeleke gereji?

Fundi Kisumu Ndogo
Waleikum salaam. Usibadilishe waya zote ndugu yangu, hujafika huko. Kama breki ya mkono inawasha basi balbu ni nzima, fyuzi nzima, na waya wa kwenda mpaka taa ya nyuma nao mzima, kwa sababu swichi zote mbili zinalisha uzi ule ule wa balbu (balbu nyingi za nyuma ni 12V 21/5W, wati 5 ni taa ya kawaida ya usiku, wati 21 ndio breki). Kwa hiyo shida iko kwenye swichi ya mguu, au springi yake, au kile kipande kidogo cha waya kinachoifikia.

Kabla hujanunua kitu pima kwanza. Angalia upande wa kulia juu ya pedali, utaona kidude cha plastiki kina nati na kimevutwa na springi nyembamba inayoshuka mpaka kwenye pedali. Hiyo springi ikikatika au ikichomoka umeshapata jibu. Kama ipo, fuata waya zake mbili mpaka kwenye konekta, ichomoe, fungua ufunguo bila kupiga stata, halafu chukua kipande cha waya uunganishe zile tundu mbili za upande wa pikipiki. Taa ikiwaka swichi imekufa, isipowaka moto haufiki hapo. Angalia huo waya wako usiguse chesesi, upande mmoja una moto na fyuzi itaungua.

Kazungu_Ganda
Pulizia WD-40 tu ndani ya swichi ukanyage kanyage, yangu ilirudi hivyo hivyo bila kununua chochote.

Fundi Kisumu Ndogo
@Kazungu_Ganda inaweza kurudi kweli kama ni uchafu, lakini kama vile vyuma vya ndani vinavyogusana vimeliwa na kutu itakufa tena na hutajua imekufa saa ngapi, maana taa ya nyuma mwenyewe huioni ukiwa unaendesha. Taa ya breki mimi siibahatishi. Na hiyo dawa isirukie kwenye dramu, brekishuu zikipata mafuta hazishiki.

boda_wa_mambrui
Shukran sana fundi. Nimeunganisha kama ulivyosema na taa imewaka. Kwa hiyo ni swichi. Dukani niulize ya aina gani?

mokowe_kwetu
Mi niko Mokowe huku Lamu, upepo wa bahari unatula sote. Ifungue ya zamani kwanza uende nayo mkononi, usiende kwa maneno, kwa sababu zinafanana kwa macho lakini urefu wa kijiti na kichwa cha konekta ni tofauti, ukipewa ndefu springi italegea na taa haiwaki. Kuitoa ni rahisi, nyofoa springi chini kwa pulaizi, chomoa konekta, fungua nati, swichi inatoka kwa juu. Kuirudisha ni vile vile kinyume chake. Ikiwa imekuja na waya mitupu bila konekta usijali ipi upande upi, swichi hii haina chanya wala hasi, ila tafadhali usisokote waya na kuzungusha tepu ukaacha hivyo hivyo, pwani hii ule muungo unageuka kijani ndani ya tepu na moto unakatika. Choma risasi (lehemu) halafu uzibe vizuri. Na kwenye konekta paka grisi kidogo kuzuia maji ya chumvi.

boda_wa_mambrui
Nimeifunga. Inawaka alhamdulillahi, ila mpaka nikandamize pedali kabisa, breki inakuwa ishashika zamani. Springi nikate?

Fundi Kisumu Ndogo
Usikate springi! Hiyo ni kuseti tu. Shika mwili wa swichi kwa mkono mmoja usizunguke, halafu zungusha nati peke yake, ukizungusha swichi yenyewe utasokota waya zikatike ndani. Nati ukiizungusha swichi inapanda au inashuka. Wewe unataka ipande, springi ivutike mapema zaidi, taa iwake mguu unapoanza kushuka kidogo kabla breki haijauma. Usipitilize lakini, ikipanda sana taa itakaa imewaka muda wote na hapo ni sawa na kutokuwa nayo, wa nyuma hataona tofauti ukifunga breki. Egesha jioni taa ya nyuma ikiangalia ukuta utaona mwanga wenyewe bila kumuita mtu.

Na kitu kimoja watu wanasahau, uchezaji wa pedali (vile inavyoshuka kabla breki haijaanza kushika) uanze kuuseti kabla ya swichi, kwa dramu nyingi ni kama milimita 20 mpaka 30, ile nati ya kwenye fimbo ya breki huko nyuma. Kila ukikaza hiyo nati brekishuu zikiisha, pedali inabadilika na taa nayo inabadilika, kwa hiyo rudi uangalie swichi tena.

boda_wa_mambrui
Pedali ilikuwa imelegea kweli, nimekaza nyuma kwanza ndio nikapandisha swichi. Sasa inawaka nikigusa tu na nikiachia inazima. Mungu awabariki.