Naomba ushauri: mnada wa picha ndani ya meli ya kitalii

Habari zenu wakuu. Niko Texas, na mwezi ujao tunapanda meli ya kitalii pale Galveston kwenda Cozumel, Mexico. Mama watoto kasikia humo ndani kuna mnada wa picha za kuchora, shampeni unamiminiwa bure. Hiyo bure ndiyo inanitia wasiwasi! Najua nyundo ikigongwa wanaongeza kamisheni juu ya bei, halafu fremu na usafirishaji. Na nyingi ni nakala za kuchapwa zenye sahihi tu. Sasa mauzo yanafanyika bahari kuu, meli imesajiliwa Bahamas. Nikigundua nimepigwa, namdai nani na wapi? Aliyewahi kununua, aliweza kuiuza tena bila hasara? Bei halisi niangalie wapi kabla sijanyanyua kibao cha kutaja dau?