Grupu la Kihonda: wajukuu Jumamosi

ALHAMISI

Mwajuma: Assalam alaykum familia. Kuhusu Jumamosi. Kadi za harusi zimeandikwa watoto hawaruhusiwi, msije mkaniambia hamkusoma. Nimeshaongea na mama, wajukuu watalala Kihonda. Tariki, Sabra na Jamal. Jumapili mchana wanarudi. Thibitisheni leo, nataka kukata tiketi za SGR.

Mwajuma: ?

Mwajuma: Tiki za bluu naziona jamani.

Iddi: Waalaykum salaam. Mimi nathibitisha kwamba sina mtoto.

Zuhura: 😂😂😂

Mwajuma: Wewe ndiye unayewapeleka.

Iddi: Eti nini?

Mwajuma: Treni ya asubuhi. Haifiki saa mbili njiani, stesheni yenyewe iko Kihonda hapo hapo, unachukua bajaji tu. Tariki na Sabra nusu nauli, 6,500 kila mmoja. Jamal hajafika miaka minne, huyo bure, unampakata. Wewe 13,000.

Iddi: Na pilau je? Mimi nimechanga 100,000 kwenye hiyo harusi.

Mwajuma: Utarudi na treni ya mchana, pilau utaikuta.

Neema: Habari zenu. Wifi ahsante kwa kupanga. Ila Sabra ana pumu, naomba lisisahaulike hilo. Ile dawa ya mbu ya kuchoma isiwashwe kabisa chumbani, wala ubani. Inhela yake ya bluu itakuwa mfuko wa mbele wa begi, na kile kichupa cha kuvutia dawa. Nani atamwonesha mama namna ya kuitumia?

Bibi Kihonda: [Sauti 2:14]

Zuhura: Aliyesikiliza anisimulie, niko kazini.

Iddi: Mimi nimeifungua ndani ya daladala, sauti iko juu. Kuanzia Ubungo mpaka Kimara abiria wote wanajua Tariki ni kikojozi.

Mwajuma: ALIKUWA kikojozi. Ameacha.

Iddi: Kuna mama kiti cha nyuma kashauri asipewe chai usiku.

Zuhura: 😂😂😂 jamani nafukuzwa kazi

Iddi: Haya, kwa kifupi. Mama ameshatandika mpira juu ya godoro. Wote watatu wanalala naye chandarua kimoja, mzee anahamia sebuleni kwenye kochi. Asubuhi vitumbua. Na mzee anauliza mke wake Sabra anakuja au ameshapata kijana mwingine huko Dar.

Neema: 😊 Mwambieni anakuja. Ila ya dawa ya mbu sijajibiwa.

Neema: Na hadithi pia jamani, sisemi kwa ubaya. Mara ile alihadithiwa ya zimwi lililomeza kijiji, Sabra alikataa kwenda chooni peke yake mpaka Ramadhani ikaingia.

Mwajuma: Wifi, sisi wote tumekuzwa na zimwi hilo hilo.

Iddi: Na chooni tunaenda vizuri tu.

Mwajuma: Iddi tuwe siriasi. Nitumie namba ya NIDA nikate tiketi.

Iddi: Ya kwenda na kurudi, dada. Usije ukakata ya kwenda tu nikabaki huko kama kaka Shabani Matombo 😂

Shabani: Iddi.

Iddi: Utani kaka.

Shabani: Mimi nilipelekwa Matombo kulala siku moja. Nilirudi najua kusoma.

Mwajuma: Shabani, hayo si tuliyamaliza kwenye arobaini ya bibi?

Shabani: Mliyamaliza nyinyi.

Shabani: Mimi sijamkatalia mtu. Ila mkiona nauliza mtoto anarudi saa ngapi na treni gani, msiseme ni mke wangu ndiye mwenye maneno. Ile karatasi ya maelekezo mliyoicheka sikukuu ya Idi niliiandika mimi.

Mwajuma: Hakuna aliyeicheka.

Iddi: Mimi niliicheka, sikujua ni yako.

Mwajuma: Basi tusifike huko. Nani anatoa nauli ya Iddi?

Babu Kihonda: SHABANI. MWAKA ULE MAMA YAKO ALIKUWA AMELAZWA. NILIKUWA NA NAULI YA MTU MMOJA NA MWAJUMA ALIKUWA SHULE. NILIPANGA WIKI MBILI. NILIKUJA MATOMBO SI MARA MOJA NAFIKA USIKU UMELALA NAONDOKA ALFAJIRI UMELALA. BIBI YAKO ALINIKATAZA KUKUAMSHA ALISEMA UKINIONA NAONDOKA UTALIA SIKU TATU. WATOTO WALETENI AU MSIWALETE. LAKINI MATOMBO ISIWE JAMBO LA KUCHEKEA HUMU NDANI TENA.

IJUMAA

Mwajuma: Shikamoo baba. Tumekuelewa.

Iddi: Shikamoo baba. Nisamehe. Kaka nisamehe na wewe.

Zuhura: Shikamoo baba 🙏

Shabani: Shikamoo baba. Nitakupigia jioni.

Babu Kihonda: MARAHABA

Mwajuma: Haya, muda unakwenda. Nimekata ya Iddi kwenda na kurudi, na ya Tariki. Nimetoa mwenyewe, mtanirudishia. Ya Sabra nimeiacha mpaka mmoja wenu aseme neno. Wakilala watatu au wawili mama anahitaji kujua, kuna kuku wa kuchinja.

Mwajuma: Neema?

Mwajuma: Shabani?

Iddi: Dada, na hao watoto wakitaka kwenda chooni wote kwa wakati mmoja ndani ya treni nafanyaje?

Mwajuma: Unakwenda nao.

Iddi: Na Jamal nimempakata?

Zuhura: 😂

Neema: Samahani wifi nilikuwa kwenye foleni. Baba Sabra ameongea na mzee muda mrefu, simu ilikuwa ya moto. Anasema tutaona asubuhi. Huenda akampeleka mwenyewe kwa gari na yeye alale huko huko.

Mwajuma: Alale huko vipi na yeye yuko kwenye kamati ya vinywaji?

Neema: Muulize kaka yako wifi. Mimi bado nasubiri jibu la dawa ya mbu.

Bibi Kihonda: [Sauti 3:05]

Iddi: Hii siifungui mpaka nifike nyumbani.

Mwajuma: Shabani nani anakaa na vinywaji?

Mwajuma: Shabani naona uko hewani.

Zuhura: Jamani ndiyo napata nafasi ya kusoma yote. Kwani harusi ni Jumamosi HII? Na wangu wawili je? Nilijua da Mwaju umeshawahesabu.