Tupeane uzoefu: umeme ulipofika kijijini kwenu, nini kilibadilika kwanza?

Mha wa Kasulu: Habari za jioni wakuu. Kasulu mjini kwenyewe majenereta yalizimwa 2022, gridi ya Taifa ilipofika. Kwetu kijijini nguzo zilikuja baadaye. Nilidhani habari itakuwa taa. Wapi! Ikawa mashine ya kusaga. Ile ya dizeli ikinguruma unaisikia ng'ambo ya bonde, mama anajua leo wanasaga, anajitwika debe lake. Mota ya umeme kimya. Wiki ya kwanza mwenye mashine alikaa na mizani yake peke yake, watu wanadhani kafunga. Sasa hivi akifungua anagonga rimu ya gari, kama kengele ya shule. Kwenu vipi?

Asali ya Sikonge: Mwangaluka! Kwetu shughuli ilikuwa LUKU, ile mita ya kulipia kabla. Mtandao wa simu unashika juu ya kichuguu nyuma ya godauni la tumbaku. Uniti zikiisha usiku, baba anapanda na tochi mdomoni kununua tokeni. Siku moja kaziandika tarakimu zote ishirini kiganjani, jasho likafuta mbili. Tulilala giza.

Mdau Urambo: Watu wanaimba shilingi 27,000, ila hiyo ni ya kuunganishwa tu. Waya, swichi, fundi, vyote juu yako. Mzee wangu alikuwa na nyumba ya nyasi, akangoja hela ya tumbaku anunue bati kwanza. Jirani mwenye vyumba viwili alifungiwa UMETA, kile kiboksi chenye soketi zake, akawaka kabla yetu. Mzee alinuna msimu mzima.

Binti Uvinza: Bibi yangu mpaka leo anaweka koroboi na kiberiti karibu na mlango. Namwambia bibi, umeme upo. "Upo leo, mjukuu wangu." Mvua zikianza namwelewa.

Kinyozi wa Mnadani: Mimi ndiye niliyeumia. Nilikuwa nachaji simu kwa sola, 300 kila moja, siku ya mnada hata arobaini. Umeme ulipofika kila mtu ana soketi kwake. Nikauza betri, nikanunua mashine ya kunyolea. Wateja ni wale wale, shida simu walikuwa wananiachia wanaenda kuangalia ng'ombe. Kichwa huwezi kukiacha.

Mha wa Kasulu: 😂 Unanyoa bei gani mkuu?

Kinyozi wa Mnadani: Mtoto 500, mkubwa 1,000. Umeme ukikatika nusu kichwa, unarudi kesho bure.