Naomba ushauri: Himeji au Okayama, kwa mama anayesumbuliwa na magoti?

Mwanafunzi_Osaka:
Salaam kwenu nyote. Ninasoma Osaka, na mwishoni mwa Novemba mama yangu mzazi atanitembelea. Anatamani kuona ngome ya kale ya Kijapani pamoja na bustani, tuondoke asubuhi na kurudi jioni. Anatembea vizuri mahali tambarare, ila magoti humsumbua apandapo ngazi. Mimi napendelea mji wa Himeji, mwenzangu wa darasani anausifu mji wa Okayama. Nyinyi mngempeleka wapi?

Msafiri_Mkongwe:
Himeji, bila kusita. Treni ya kawaida ya mwendo wa haraka huchukua takriban saa moja kutoka Osaka, na ukishatoka kituoni kwa mlango wa kaskazini unaiona ngome mbele yako, mwisho wa barabara iliyonyooka ya kama kilomita moja. Mnara wake mkuu, uliokamilishwa na mtawala wa huko, Ikeda Terumasa, mwaka 1609, ungali ule ule wa mbao, ilhali ule wa Osaka ni wa zege, uliojengwa upya mwaka 1931. Lakini kwa sababu hiyo hiyo hauna lifti: mgeni huvua viatu, akavibeba mkononi, na kupanda ghorofa sita kwa ngazi zenye mwinuko mkali. Mama asishawishiwe kupanda.

Seremala_Mstaafu:
Naafiki, ila wewe mwenyewe panda, angalau ukazione nguzo mbili kuu zenye urefu wa karibu mita 25 kila moja. Ile ya magharibi ilibadilishwa katika ukarabati mkubwa wa miaka ya 1956 hadi 1964, na imeungwa kwa magogo mawili. Kazi ya kutia wivu! Njia ya kuelekea huko hujipindapinda makusudi, ili adui apite chini ya matundu ya mishale na bunduki yaliyotobolewa kutani, mengine ya duara, mengine ya pembetatu. Nayo ina miinuko na vidato vya mawe, kwa hiyo mama akusubiri kwenye uwanja wa nyasi ulio chini, ambako mnara wote unaonekana bila kulipa kiingilio.

Mama_Maua:
Mimi nitamtetea mwenzako anayeisifu Okayama. Bustani ya Korakuen, iliyokamilika mwaka 1700, ni pana na adhimu kuliko ya Himeji, na ngome iliyo ng'ambo ya mto, iliyojengwa upya kwa zege mwaka 1966, ina lifti, ingawa haifiki juu kabisa. Hata hivyo ni mbali zaidi, na nauli ya shinkansen, ile treni ya kasi sana, si ndogo. Muulize mama mwenyewe: je, anataka kuingia ndani ya ngome, au kuiona ngome ya asili?

Mwanafunzi_Osaka:
Nimempigia simu. Amesema zege analo la kutosha nyumbani, hivyo ni Himeji.

Mama_Maua:
Basi fikeni saa tatu asubuhi, ngome inapofunguliwa, na mnunue tiketi ya pamoja ya ngome na bustani ya Koko-en iliyo kando yake. Ilifunguliwa mwaka 1992 mahali palipokuwa na makazi ya masamurai, nayo ni bustani tisa zilizotenganishwa kwa kuta. Njia zake kwa sehemu kubwa ni tambarare, na wakati huo majani ya miti ya maple huwa yamegeuka mekundu. Mwisho wa kuingia ngomeni ni saa kumi alasiri, lakini nendeni mapema, mama apate kukaa kwenye nyumba ya chai.