Mjadala: Pampasi na mipira ya mkojo kwa watu wenye ulemavu, serikali ilipe au familia ijibebe?

Mtoa hoja, Nkuhungu

Mbukwenyi wandugu.

Kila Juni bajeti ikisomwa hapa Dodoma nasubiri sehemu ya watu wenye ulemavu. Nasikia viti mwendo, baiskeli za magurudumu matatu, fimbo nyeupe, vifaa vya kusikia, mafuta ya kukinga jua kwa wenye ualbino. Vyote ni vya haki. Kuna kimoja hakitajwi kwa sababu kinatia haya kukisema kwenye kipaza sauti: kushindwa kuzuia mkojo na haja kubwa. Sensa ya 2022 ilionyesha watu wenye ulemavu ni asilimia 11.2 ya wenye miaka saba na kuendelea. Si wote wana shida hii. Lakini aliyevunjika uti wa mgongo kwa bodaboda au kwa kuanguka kutoka juu ya mti, mtoto aliyezaliwa na mgongo wazi, mwenye mtindio mzito wa ubongo, mzee aliyepigwa na kiharusi, hawa wengi wanaishi nayo kila siku, na familia zao zinanunua kila siku.

Tupige hesabu. Pampasi za mtu mzima tatu kwa siku ni tisini kwa mwezi. Weka bei unayoijua wewe mtaani kwako. Hata ukisema 1,500 kwa moja, ni shilingi 135,000. Kima cha chini cha mtumishi wa umma kilichotangazwa Mei Mosi 2025 ni 500,000. Yaani zaidi ya robo ya mshahara inaishia kwenye pampasi, na hao ni wenye mshahara. Mkulima wa uwele wa Chamwino tumwache kwanza.

Sheria tunayo. Ni Sheria ya Watu wenye Ulemavu Namba 9 ya 2010, iliyoweka hata mfuko wa taifa kwa ajili yao. Mwaka 2009 tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na kifungu chake cha 28 kinazungumzia huduma na vifaa vya bei ambayo mtu anaweza kuimudu. Shirika la Afya Duniani lilipotoa orodha ya vifaa saidizi 50 vya kipaumbele mwaka 2016, bidhaa za kunyonya mkojo zilikuwemo pamoja na viti mwendo na miwani. Kwa hiyo anayesema pampasi ni starehe abishane na orodha hiyo.

Msimamo wangu: serikali ilipe. Ila isilipe kwa njia ya kufuta kodi, na isilipe kwa maboksi yanayogawiwa tarehe 3 Desemba, siku ya watu wenye ulemavu duniani, mbele ya kamera. Vifaa hivi viingie kwenye kitita cha bima, yaani orodha ya vitu ambavyo bima inalipia, na kwenye orodha ya Bohari ya Dawa, vipatikane mwaka mzima kama dawa ya kisukari. Karibuni, nipingeni.

Mkulima wa zabibu, Hombolo

Mkuu, nimekusoma na ninakuheshimu, ila mimi nipo upande wa pili. Huku vijijini zahanati ikiwa na dawa ya malaria na vifaa vya kujifungulia tunashukuru Mungu. Mama mjamzito bado anaambiwa aje na mpira wa kitandani na glovu zake. Leo niambiwe shilingi ya serikali iende kwenye pampasi?

Halafu kuna jambo hamlisemi. Bibi yetu alilala kitandani miaka, tukamlea kwa vitambaa vya kanga kuukuu, vinafuliwa, vinaanikwa, kesho vinatumika tena. Hakunuka. Jamii yetu ina namna yake ya kutunza mtu. Serikali ikianza kulipia hili, ndugu watajitoa. Nimeona vitu vya bure vinavyofanya watu.

Mama wa kijana, Chang'ombe

Baba wa Hombolo, shikamoo. Samahani nakuuliza: vile vitambaa vya bibi alikuwa anafua nani? Si wewe. Alifua mama, au dada, au mke wa mtu. Hiyo unayoiita namna ya jamii ni mikono ya mwanamke mmoja.

Mimi nafua. Mwanangu ana miaka kumi na moja, alizaliwa na mgongo wazi. Dodoma hii unaijua, maji ni ya mgao. Siku ambayo bomba halitoki nanunua dumu, na kitambaa chenye kinyesi hakifuliwi kwa dumu moja. Ukipiga hesabu ya maji, sabuni na muda ambao ningekuwa genge langu liko wazi, hicho kitambaa cha bure si cha bure. Wakati wa baridi ya Juni na Julai havikauki vizuri, unamvalisha kikiwa na unyevu, ngozi inachubuka.

Shule moja iliniambia nimtoe mpaka "atakapopona". Hatapona, ndivyo alivyo. Akiwa msafi anasoma, na hesabu anaziweza kuliko kaka yake.

Mtoa hoja, na wewe nakupinga kidogo. Usiniletee boksi la saizi moja kutoka bohari. Mtoto anakua. Nipe hela mkononi, mimi ndiye najua siku gani nahitaji pampasi na siku gani nahitaji maji.

Mwenye duka la dawa, Majengo

Naongea kama muuzaji. Hoja ya kufuta VAT, kodi ya ongezeko la thamani, tuifunge mapema, maana kuna watakaoileta. Bajeti ya 2018/19 taulo za kike ziliondolewa VAT. Mwaka uliofuata, 2019/20, serikali ikairudisha ikisema bei haikushuka kwa mlaji. Watu wakatulaumu wafanyabiashara, na baadhi yetu tulistahili. Lakini kuna kitu cha kihasibu hapo. Bidhaa ikisamehewa VAT, mwenye kiwanda hawezi kudai ile VAT aliyolipa kwenye malighafi, umeme na vifungashio. Anaiingiza kwenye bei. Ingekuwa ni kiwango cha sifuri angerudishiwa. Ni vitu viwili tofauti, na wanasiasa huvichanganya kila mwaka.

Pampasi za wakubwa ndiyo kabisa. Mzigo hautoki haraka. Nikiweka katoni inakaa rafuni, imefunga mtaji, basi faida naipandisha kufidia. Ukiniondolea kodi leo, sikuahidi kitu. Wateja wakiwa wengi na wa uhakika kila mwezi, hapo bei inashuka yenyewe.

Na niseme la wazi: mkigawa bure kupitia zahanati, kuna zitakazoletwa kaunta kwangu kuuzwa. Dawa za serikali zimepigwa mhuri na bado zinatembea.

Nesi mstaafu, Mvumi

Wanangu, mnabishania pampasi, na pampasi ndiyo sehemu rahisi.

Neva za kibofu zikikatika, shida si kuvuja tu. Kwa wengi mkojo hautoki wote. Unabaki, unaoza, presha inapanda ndani ya kibofu na mkojo unarudi juu kwenye figo. Mgonjwa anaweza kuwa mkavu, familia imefurahi, kumbe figo zinaharibika kimyakimya. Kinachookoa figo ni kupitisha mpira mwembamba kwenye njia ya mkojo mpaka kibofuni, mkojo ukaisha, na kuutoa, mara nne mpaka sita kwa siku, kwa mikono misafi. Mama anafundishwa akiwa na mtoto mdogo, na mtoto akifika umri wa shule wengi huweza kujipitishia wenyewe. Haja kubwa nayo ina ratiba yake: saa ileile kila siku, baada ya kula, na chakula kinachojulikana. Ukimpata mtu aliyefundishwa vizuri, pampasi tatu zinaweza kuwa moja, na mwingine anaziacha kabisa mchana.

Sasa wengi wanafanyiwa nini? Wanawekewa mpira wa kudumu na mfuko, wanarudishwa kijijini. Mpira wa kawaida unatakiwa ubadilishwe ndani ya wiki chache. Nimepokea watu waliokaa nao miezi, umeota mawe. Wengine wana vidonda vya kulalia, mkojo unaingia kwenye kidonda, mfupa unaonekana.

Mkulima wa Hombolo ameuliza shilingi iende wapi. Figo zikifa, mtu anaingia kwenye kusafisha damu, kawaida mara tatu kwa wiki, maisha yake yote au mpaka apandikizwe. Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa Dodoma inapandikiza figo tangu 2018, jambo la kujivunia. Lakini ndugu wa kutoa figo hapatikani kila nyumba. Mipira ya mwaka mzima na mshahara wa nesi anayefundisha haviwezi kufikia gharama hiyo hata kidogo.

Kwa hiyo mkidai ruzuku, anzeni na mpira na mwalimu wake. Ruzuku ya pampasi peke yake inaweza hata kuficha ugonjwa.

Mtumiaji wa kiti mwendo, Ipagala

Asante mama, umesema kitu ambacho wengi wetu tulielezwa baada ya kuharibikiwa.

Mimi nataka kuongeza la kazi. Halmashauri zina ile asilimia 10 ya mapato ya ndani: nne wanawake, nne vijana, mbili sisi. Ilisimamishwa 2023, ikarudi 2024. Ni mkopo, unatakiwa uuze kitu urudishe. Nitauzaje kama siwezi kukaa kwenye kikao cha kikundi bila kuogopa harufu? Watu wanatuona wavivu, hawana habari kwamba mtu anaikimbia jamii kwa sababu ya suruali.

Nikiwa na safari ya Singida, siku moja kabla sinywi maji. Najua ni vibaya, mkojo unakuwa mzito, maambukizi yanakuja. Lakini basi likisimama kuchimba dawa mimi siwezi kushuka porini, na hotelini mlango wa choo haupitishi kiti.

La mwisho, na hili naliomba kwa heshima: msitupange mstari uwanjani kutupa pampasi na mheshimiwa akapiga picha. Chumvi anayopewa mtu hadharani hailiki.

Mchumi, Mtumba

Nafanya kazi na namba, siongei kwa niaba ya ofisi yoyote. Wengi mnaongea kana kwamba tatizo ni huruma. Tatizo ni kwamba hii ni gharama isiyoisha. Kiti mwendo unanunua mara moja kwa miaka. Pampasi unanunua leo, kesho, mwakani, na idadi inaongezeka maana wazee wanaongezeka. Waziri yeyote wa fedha akiona mstari wa namna hiyo anaukata kwanza, kwa sababu kukata hakutaleta maandamano.

Australia wana mpango wao wa kulipia vifaa hivi tangu Julai 2010. Mtu aliyethibitishwa na mtaalamu wa afya anaingiziwa fedha kwenye akaunti, zaidi ya dola 600 za kwao kwa mwaka, anunue anachotaka. Unampa mama wa Chang'ombe alichoomba. Lakini pale mtaalamu wa kuthibitisha yupo, akaunti ipo, duka lipo. Mpeleke mtu wa kijiji cha ndani Mpwapwa kwa daktari kupata cheti, nauli inameza ruzuku ya mwezi.

Njia inayoweza kupita ni Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote, iliyopitishwa na Bunge Novemba 2023. Ina mfuko wa kugharamia wasio na uwezo. Mkipigania kitu, pigania kitita. Kilichomo kwenye kitita kinadaiwa kwa haki, kisichokuwemo kinaombwa kila mwaka.

Mtoa hoja, Nkuhungu

Nimesoma wote. Nesi, nakubali mpira utangulie, na mafunzo yawe hospitali za wilaya, si Dodoma mjini tu. Ila siachii pampasi. Yupo mwenye mtindio mzito ambaye mpira na ratiba havimsaidii, na mama yake yuko sawasawa na mama wa Chang'ombe.

Kuhusu hela mkononi, dada yangu, moyo unanituma kukubali na akili inasita. Hela ya kaya maskini kupitia TASAF ikifika nyumbani ina wadai kumi: ada, mahindi, deni la duka. Mwenye ulemavu ndiye wa mwisho kuhesabiwa, hasa akiwa hawezi kusema. Vocha yenye jina lake, inayotumika duka lolote la dawa lililosajiliwa, mama achague saizi na aina, naiona ni bora kwa wa mjini. Kwa vijijini itoke zahanati, mtoa huduma ngazi ya jamii akithibitisha nyumbani, ili nauli ya cheti isiwepo.

Na kwamba zitavuja zikauzwa: zitavuja. Vyandarua vilivuja pia, vingine vikafunika bustani za mchicha, na hakuna aliyesema tuache kugawa.

Mkulima wa zabibu, Hombolo

Marahaba mama wa Chang'ombe. Alikuwa anafua mke wangu.

La figo sikulijua na limenigusa, mpira wa mkojo naunga mkono. Pampasi bado sijashawishika mpaka nione zahanati yetu ina nesi wa pili. Huyo mmoja tuliye naye ndiye anapima wajawazito, anachanja, anaandika ripoti. Mnamuongezea na kufundisha kupitisha mipira, atafundisha saa ngapi?

Mama wa kijana, Chang'ombe

Baba, mimi nilifundishwa na mama mwenzangu, tumekaa kwenye benchi la kliniki, si na nesi. Wapo wengi wanaoweza kufundisha. Walipwe nauli.

Vocha sina shida nayo, iwe tu haina maandishi makubwa "MLEMAVU" juu yake.

Mwenye duka la dawa, Majengo

Vocha nitapokea. Ila mtoa hoja hajasema nani ananilipa na baada ya siku ngapi. Duka dogo haliwezi kukopesha serikali miezi sita. Hilo lisipoandikwa kwenye mwongozo, mama atakuja na vocha yake na mimi nitamwambia mzigo umeisha.