Tupeane uzoefu: ulimweleweshaje mwanafunzi somo la jenetiki (urithi wa sifa toka kwa wazazi)?

Mjomba wa Ujiji (mleta mada)

Wakuu, salaam. Nina mpwa wangu yuko kidato cha nne, kaletwa kwangu likizo hii. Biolojia nyingine anaimudu, ila kwenye jenetiki anageuka kasuku. Ukimuuliza aleli (sura mojawapo ya kinasaba) ni nini, anakutiririshia Kiingereza cha daftari mpaka na koma zake. Ukimwambia "haya, nieleze kwa Kiswahili kama unamweleza bibi yako", kimya.

Nilianza na Mendel, yule mtawa aliyechunguza urithi, na njegere zake: mbegu 5,474 za mviringo, 1,850 zilizokunjamana, karibu tatu kwa moja. Kumbe nimemwongezea cha kukariri.

Nikaona isiwe tabu, twende shambani. Kaka yangu alipanda michikichi 16 kwa mbegu alizookota chini ya mti mmoja wa jirani, tenera safi, ganda la kokwa jembamba, nyama nyingi, mawese ya kutosha. Alitegemea apate 16 kama mama yao. Nikampa kijana panga, nikamwambia apasue chikichi moja ya kila mti na aandike anachokiona. Akarudi na hesabu: dura tisa zenye ganda nene, tenera saba. Isiyo na ganda, yaani pisifera, hakuna.

Nikamchorea mchangani mraba wa kupanga jeni za baba na za mama. Ganda linaamuliwa na jeni (kinasaba) moja, jambo ambalo Beirnaert na Vanderweyen walilieleza mwaka 1941 huko Kongo, ng'ambo ya ziwa letu. Dura ana G mbili (aleli ya ganda), pisifera ana g mbili (ya kutokuwa na ganda), tenera kabeba moja moja. Akachora tenera kwa tenera, akapata dura robo, tenera nusu, pisifera robo. Akakaa anautazama mchoro. "Mjomba, mbona kwetu pisifera hazipo?" Sikumjibu. Kama dakika kumi hivi akanyanyuka: "Baba zao ni dura! Chavua imetoka kwenye michikichi ya zamani ya bondeni!" Akachora upya, nusu kwa nusu. Tisa kwa saba iko karibu kabisa na hapo.

Nyie wenzangu mlifanyaje?

Mrina Asali, Sikonge

Mimi wangu nilimtegea kitendawili. Sina baba, ila nina babu. Akahangaika siku mbili, akauliza hadi msikitini. Jibu ni dume la nyuki. Malkia akitaga yai lisilorutubishwa linatoka dume lenye kromosomu (nyuzi zinazobeba vinasaba) 16. Likirutubishwa linatoka jike lenye 32, mtenda kazi au malkia. Kwa hiyo dume vinasaba vyake vyote ni vya mama, na huyo mama alikuwa na baba. Hapo ndipo binti alipoelewa maana ya seti moja na seti mbili za kromosomu. Alikuwa anaona mizinga tangu mdogo, hakuwahi kuambiwa kwamba ile nayo ni biolojia.

Mwalimu mstaafu, Tabora mjini

Mada nzuri, ila niwape tahadhari. Miaka ile niliwatuma wanafunzi wakaulize makundi ya damu ya wazazi wao. Binti mmoja akabaki nyuma baada ya kipindi. Yeye ni O, baba kamwambia ni AB. Na mimi nilikuwa nimetoka kuandika ubaoni kwamba mzazi wa AB hutoa A au B, hana O ya kumpa mtoto. Ile sura sijaisahau. Baadaye mzee alipima, kumbe ni B, ile AB aliisikia tu kwa mtu zamani. Lakini wiki mbili zile nyumba ile haikulala. Tangu siku hiyo sikuwahi kutumia familia ya mtoto kama mfano. Mahindi, kuku na hiyo michikichi yenu inatosha.

Sikoseli nilikuwa naifundisha, maana lazima waijue, ila kwa familia ya kubuni. Na nilisisitiza kitu kimoja: wazazi wote wawili wakiwa AS (wanabeba kinasaba kimoja cha sikoseli bila kuumwa), uwezekano wa mtoto SS (mgonjwa) ni robo kwa KILA mimba. Watu wanadhani ukishapata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wamesalimika. Hapana.

Shemeji Mtu, Kasulu

Mimi kromosomu za jinsia, XX ya mwanamke na XY ya mwanamume, nilimfundisha mwanangu mbele ya baba mdogo wake, aliyekuwa anamlaumu mkewe kwa kuzaa wasichana watupu. Y anaitoa nani? Mzee akaaga mapema.

Mjukuu wa Mwanga

Kwetu ilikuwa upande wa bioteknolojia. Bibi anajichoma insulini, dogo ndiye anayemshikia kichupa. Nikamwambia: jeni ya binadamu inayotengeneza insulini inakatwa, inapachikwa kwenye bakteria, bakteria wanazaliana na kuitengeneza kwa wingi. Marekani iliruhusiwa kutumika mwaka 1982. Zamani ilitolewa kwenye kongosho la ng'ombe na nguruwe. Bibi alikuwa anasikiliza. "La nani?" Nguruwe, bibi. Akamshukuru Mungu kwa hao bakteria, na dogo hajasahau somo mpaka leo.

Tulijaribu pia kutoa DNA (kemikali inayobeba vinasaba) kwenye ndizi mbivu: ponda, changanya na maji ya chumvi na sabuni ya maji, chuja, mimina spiriti juu taratibu. Mara ya kwanza hatukuona chochote, spiriti ilikuwa ya moto kwa jua la Kigoma. Tukaiombea hifadhi kwenye friji ya muuza barafu, mara ya pili utando mweupe ukapanda.

Mjomba wa Ujiji

Mwalimu, umenistua, nilikuwa najiandaa kumuuliza kundi la damu la shemeji. Nimeacha.

Leo kijana kaamka na swali jipya. Miche ya TARI Kihinga, kituo cha utafiti wa kilimo, inatokana na dura na pisifera, ndiyo maana yote inakuwa tenera, hilo kalichora mwenyewe. Sasa anataka kujua: kama pisifera mikungu yake mingi inaoza kabla ya kuiva, wanamtumiaje? Nikamwambia aende akaangalie maua ya kiume. Chavua yake ni nzima, kwa hiyo yeye ndiye baba.