Glasi ya birimbi kila asubuhi kwa wazee: dawa ya mchochota au balaa la figo?

Jiko_la_Shela
Asalaam aleikum. Napanga chakula cha wazee wawili, miaka 67 na 72. Mkubwa ana sukari. CRP yake, kipimo cha damu cha mchochota (mwili kuwaka kwa ndani), imetoka miligramu 4.6 kwa lita, akaambiwa ni mchochota wa umri, azidishe matunda. Mtaani washauri birimbi ikamuliwe, glasi moja kabla ya chai. Tunda gani hasa, kiasi gani? Au ninunue vidonge vya antioksidanti, zile kemikali za matunda zinazokinga seli, yaishe?

Lishe_Langoni
Waaleikum salaam. Hiyo glasi isimamishe leo. Birimbi mbili tatu kwenye achari au mchuzi wa samaki hazina neno. Ukikamua kikapu kizima akanywa na tumbo tupu, asidi ya oksaliki huingia kwenye damu kwa wingi, ikashikana na kalisiamu, na fuwele zake zikaziba mirija ya figo. Kule Kerala, India, madaktari wameandika habari za watu walioinywa ili kushusha kolesteroli, figo zikafeli ghafla. Mwenye sukari ni wa kuogopewa zaidi, maana figo zaweza kuwa zimeshachoka kimyakimya. Kama ameinywa siku kadhaa, apimwe kreatinini, kipimo cha damu kinachoonyesha hali ya figo.

Na hiyo 4.6: chini ya 1 ni ndogo, juu ya 3 ni kubwa, lakini kipimo kimoja hakitoshi. Alikuwa na mafua? Jino bovu? Rudieni baada ya wiki mbili akiwa mzima. Ikivuka 10, tafuteni ugonjwa kwanza, msisingizie umri.

Mapera_Gede
Kwa matunda, anza na pera. Moja dogo la gramu 55 lina kama miligramu 125 za vitamini C. Mwanamke ahitaji 75 kwa siku, mwanamume 90. Ale na ganda lake. Mbegu zikimsumbua meno, kata katikati uzikwangue kwa kijiko, usilisage ukalichuja. Makapi unayomwaga ndiyo chakula cha bakteria wa utumbo, nao hutengeneza asidi zinazotuliza mchochota.

Zambarau: ile rangi inayobaki ulimini ndiyo anthosayanini yenyewe, antioksidanti ya zambarau, na iko zaidi kwenye ganda. Konzi moja yatosha. Ila muuzaji akizitikisa na chumvi, mwenye presha aombe zisizotiwa.

Ubuyu ni unga mweupe mkavu, si mabuyu mekundu ya dukani. Hayo yamechemshwa kwenye shira na rangi. Moto umekula vitamini C, ikabaki sukari. Kijiko kikubwa cha unga kwenye kikombe cha maji ya kawaida, uache dakika 20, ukoroge, anywe na utope wake.

Jiko_la_Shela
Ahsanteni. Na embe kwa mwenye sukari? Ngowe zimejaa sokoni. Vidonge je?

Lishe_Langoni
Embe apewe, kwa kipimo: gramu 150, karibu kikombe kimoja cha vipande, zina kama gramu 20 za sukari. Siku hiyo punguza wali, na embe liliwe baada ya chakula. Juisi hapana, hata isiyotiwa sukari.

Vidonge viache. Finland walipowapa wavutaji sigara vidonge vya beta-karotini, antioksidanti ya rangi ya karoti, matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha saratani ya mapafu imezidi badala ya kupungua. Ndani ya tunda kemikali hizo huja kidogo kidogo, pamoja na nyuzi na wenzake wengi; kidonge huleta moja tu, kwa rundo.

Mapera_Gede
Nyongeza: tumbo likiwa kubwa, mafuta yake yenyewe hutoa interlukini-6, kemikali inayochochea mchochota, mchana na usiku, na CRP hupanda kwa amri yake. Pera litaliwa mahali pa kaimati, si juu yake. Na akiwa anameza simvastatini, dawa ya kolesteroli, balungi asiguse; hupandisha dawa kwenye damu, misuli ikaumia.

Jiko_la_Shela
Anameza atorvastatini.

Mapera_Gede
Ukoo mmoja. Balungi liondoke mezani, machungwa na ndimu ruhusa.